Neno la Mtani Kabla ya Kuwasha

"Sufuria lenu linaumwa tumbo," Dokta Ng'wasi Lubinza wa Maabara ya Upimaji aliwaambia watu wote wa idara, "na mimi nimelisikia likinguruma."

Ukumbi ukaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Dokta Chesko Msigwa, mkuu wa Maabara ya Vyuma, ambaye ndiye hasa aliyelitengeneza hilo sufuria, yaani ukuta wa chuma wa kinu cha nyuklia cha chuo. Alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akasimama.

"Mtani wangu, huo mngurumo ni wa tumbo lako. Umetoka nyumbani bila kunywa uji, sasa unamsingizia nani?"

Wakacheka tena. Ng'wasi naye alicheka, kwa kuwa katika kikao cha utani asiyecheka ndiye aliyeshindwa. Lakini chini ya meza mguu wake ulikuwa ukitikisika wenyewe, na alipoukanyaga kwa ule mwingine, ukaanza ule mwingine.

Watu wa mbali walishangaa kusikia kwamba Idara ya Uhandisi wa Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Mlimbwa ina watani. Si utani wa makabila, utani wa maabara. Vyuma walikuwa watani wa Upimaji, Joto walikuwa watani wa Taka, na Maabara ya Tiba, kwa kuwa haikuwa na mwenzake, ilitaniwa na kila mtu. Aliyeanzisha jambo hili ni marehemu Profesa Kabwogi, mwanzilishi wa idara. Alikuwa amechoka kuona vijana wake wakiitikia "sawa, Profesa" mkutanini, kisha wakaenda kuusema ukweli kantini. Heshima ni nzuri, alikuwa akisema, lakini kinu cha nyuklia hakijui mkubwa wala mdogo. Akaamuru kila maabara iwe na mtani wa kuicheka kazi yake hadharani, bila kuogopa cheo wala umri, na anayechekwa asithubutu kununa.

Ilifanya kazi vizuri mno. Makosa yaliyokuwa yakifichwa kwa adabu yaliibuliwa kwa dhihaka, na wageni kutoka vyuo vingine walikuja kujifunza. Ila Profesa Kabwogi, pamoja na akili zake zote, hakuwahi kujiuliza itakuwaje siku mtani atakapokuwa na jambo la kweli la kuogopesha. Siku yenyewe ilikuwa hii, Jumatatu ya vumbi na upepo, na watu walikuwa wanacheka.

Ng'wasi alikuwa amesema jambo hilohilo mwezi uliopita, wakacheka vilevile. Alirudi kwenye kiti chake bila kusikia alichosema msemaji aliyefuata. Kikao kilipokwisha hakungoja chai.

*

Alimkuta Chesko karakana, amevaa koti la kazi, anaimba kwa puani.

"Umekuja kuomba radhi kwa sufuria?"

"Chesko, leo sitanii."

"Ndivyo mtani mzuri anavyoanza." Akacheka. "Endelea."

Ng'wasi alizunguka meza. Hakuweza kusimama mahali pamoja. Aligusa spana, akairudisha, akagusa nyingine. Chesko alimtazama, na kidogo kidogo kicheko kikamtoka usoni.

"Jana kinu kilipokuwa kinapoa nilibandika vinasa sauti vyangu ukutani," Ng'wasi alisema. "Chuma kizima hupoa kimya. Chenu kinalia. Tk, tk, tk, kama bisi zikianza kuiva. Mwezi uliopita ilikuwa mara mojamoja. Jana sikuweza kuzihesabu."

"Ponya haina ufa hata mmoja. Tumeikagua ndani na nje."

Na hilo lilikuwa kweli. Kinu cha Mlimbwa kiliundwa kwa Ponya, chuma kilichoipa idara sifa hadi ng'ambo. Vyuma vingine vikikaa karibu na moto wa nyuklia huzeeka haraka: nyutroni huzipiga atomi na kuzitoa mahali pake, ufa mdogo hufunguka, huwa mkubwa, na mwisho kinu hufungwa. Ponya ikipata ufa hujifunga yenyewe. Atomi zake hutambaa na kuziba pengo, na asubuhi ukiitazama ni laini, haina hata kovu. Kwa ajili yake, chuo kilicho katikati ya nyika kiliweza kuwa na kinu kidogo kinachofanya kazi mwaka hadi mwaka, kikitengeneza dawa ya lutetiamu ya kutibu saratani. Ndege zisizo na rubani ziliichukua ikiwa bado mbichi, zikaipeleka hospitali za Bukoba na miji mingine ya mbali. Mbichi, kwa sababu dawa hiyo haikai: inapungua nguvu kila siku, na ukiiweka akiba unaweka maji.

"Kidonda kikifunga juu," Ng'wasi alisema, "huwezi kujua kama ndani kina usaha."

Chesko alivua glovu. "Usaha gani?"

"Heliamu. Nyutroni zikiipiga Ponya zinazaa heliamu ndani yake, hilo unalijua kuliko mimi. Chuma cha kawaida kina nyufa, gesi inapata pa kutokea. Chako kinaziba kila tundu. Inakwenda wapi, Chesko?"

Chesko aliweka glovu mezani, moja juu ya nyingine.

"Tukate shahidi," alisema mwishowe.

Mashahidi vilikuwa vipande vya Ponya vilivyotundikwa ndani ya kinu tangu kilipowashwa mara ya kwanza, ili vizeeke pamoja na ukuta wake. Vilitolewa, vikatazamwa kwa hadubini, vikarudishwa. Havikuwahi kukatwa. Vilikuwa vichache, na kipande kikishakatwa hakirudi. Tena, nani angekata chuma ambacho kazi yake ni kutokukatika? Waliingiza kimoja kwenye chumba chenye kuta za madini ya risasi, yanayozuia mionzi, na Chesko, akiwa nje ya kioo kinene, akaendesha msumeno kwa mikono ya mashine.

Kipande hakikukatika. Kilivunjika, mithili ya biskuti.

Kwenye skrini walikiona kilivyo ndani: matobo, matobo, matobo, madogo yaliyojipanga kwenye mipaka ya chembe za chuma, mengine yamekwisha kuungana. Nje, ngozi safi inayong'aa.

"Mungu wangu," Chesko alisema. Alirudi nyuma akakaa kwenye ngazi. Ponya ilikuwa ujana wake wote, na Ng'wasi alimwonea huruma ya kweli.

"Ukuta ni mnene kuliko hiki kipande," Chesko alisema. "Unaweza kukaa mwaka mzima."

"Na unaweza kupasuka kinu kikiwa na moto. Maji yatoke, mvuke uingie ukumbi wa chini, waliko mafundi wa zamu."

"Uwezekano ni mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

Chesko hakuwa mtu wa kubuni asichokijua. Alijisugua paji la uso. "Jumatano tunawasha. Tuwashe mara hii moja tu, Ng'wasi. Dawa ikishatoka, tunazima na tunasema kila kitu, mimi mwenyewe nitasema. Kujenga ukuta mpya si kazi ya wiki moja wala mbili. Wape watu hii dozi kwanza." Kisha, taratibu, bila ubaya wowote, akaongeza: "Dada yako Kabula yumo kati yao."

Ng'wasi alikasirika hadi masikio yakamwaka moto. Alikasirika kwa sababu wazo hilo lilikuwa limekwisha kumjia yeye mwenyewe, kabla Chesko hajafungua mdomo.

*

Kabula alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Uvimbe wa kongosho ulimtoa Shinyanga akiwa anabebwa. Sasa, baada ya dozi mbili, alikuwa amesimama jikoni kwa Ng'wasi akichemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na akilalamika kwamba mdogo wake, pamoja na digrii zake, hajui kununua karanga.

"Hizi zimeota ukungu. Umezinunua kwa kupiga simu?"

"Nilikuwa na haraka, dada."

"Una haraka tangu ulipozaliwa. Kaa ule."

Ng'wasi alikaa. Akainuka kufunga dirisha, akakaa. Akainuka kulifungua. Kabula alimfuata kwa macho huku akipakua.

"Kazini kuna nini?"

"Mambo ya kawaida."

Kabula hakumwamini, lakini hakumsumbua. Alianza kumsimulia habari za benchi. Wagonjwa wa lutetiamu walikuwa na benchi lao kwenye veranda ya hospitali ya chuo, na kwa kukaa pamoja wakingojea dozi walikuwa wameshakuwa ukoo. Kulikuwa na Mwalimu Ntahondi wa Kigoma, ambaye aliwapa mazoezi ya hesabu ili wasahau kichefuchefu. Kulikuwa na Nadine, mama kijana wa Bujumbura, aliyemwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati ili atibiwe. Kabula aliwaiga sauti zao mmoja mmoja, na alikuwa hodari wa kuiga.

"Mwalimu anasema akipata hii ya tatu atarudi darasani. Mimi nimemwambia nikipata ya tatu nitarudi kwenye mpunga wangu. Mimi na wewe tutavuna pamoja mwaka huu, unasikia? Usinipe habari za vinu."

"Nasikia."

Chakula kilikuwa kitamu, na Ng'wasi alikimeza kama dawa chungu. Mara tatu alifungua mdomo kusema. Alitamani dada yake amlazimishe, amkaripie kama zamani, amwambie sema sasa hivi. Lakini Kabula alikuwa anakula kwa hamu, kitu ambacho hakikuonekana tangu masika yaliyopita, na nani angemkatiza mtu wa namna hiyo?

Alitoka akaenda kutembea. Alizunguka kiwanja cha chuo, akapita Maabara ya Joto, vijana wakimwita "shikamoo, daktari wa matumbo!" Akaitikia na kupita. Kila alichokitazama kilimkera: maua, mabango, mbwa aliyelala barabarani asiyekuwa na habari.

*

Jumatano asubuhi chumba cha uongozaji kilijaa. Kuwasha kinu Mlimbwa kulikuwa na utaratibu wake. Joto walisema maji yako sawa. Tiba walisema malighafi ya dawa imeshaingizwa. Vyuma walisema ukuta ni mzima. Safari hii Chesko alimwacha msaidizi wake aseme, na yeye akatazama sakafu. Mwisho kabisa liliitwa neno la mtani. Kabla vijiti vya kudhibiti havijainuliwa, kwa desturi mtani wa Vyuma alikuwa akisimama mlangoni, akiziba njia ya kwenda kwenye meza ya uongozaji, akitukana kinu na waliokijenga, na hakuwa akiondoka hadi apewe kashata. Akiipokea, kinu kinawashwa. Lilikuwa jambo la kuchekesha, na watu walitoka ofisini kuja kulitazama.

Ng'wasi alisimama mlangoni.

"Neno la mtani!" aliita Profesa Mwanahawa Kirungi, mkurugenzi wa kinu, mama wa makamo aliyekuwa na miwani mbili, moja kichwani na nyingine machoni. "Fanya upesi, mwanangu, ndege za dawa zina ratiba."

"Kinu hiki kimeoza," Ng'wasi alisema.

Kicheko kikapasuka.

"Kimeoza ndani. Nje kimejipaka mafuta."

"Kama bwana harusi wa Upimaji!" mtu alipaza sauti nyuma, na watu wakapigana vikumbo kwa kucheka. Profesa Mwanahawa naye alitabasamu, akachukua kashata kwenye sahani, akamnyooshea.

Ng'wasi aliitazama ile kashata. Angeipokea tu, mambo yangekwisha. Wiki ijayo Kabula angekaa kwenye benchi lake, angepata dozi yake. Na huenda ukuta ungekaa mwaka, kama alivyosema Chesko. Huenda. Nyuma ya kioo, kwenye ukumbi wa chini, fundi mmoja wa zamu alikuwa ameegemea kinga ya zege ya kinu, anakwangua tope kwenye soli ya kiatu.

"Sipokei," alisema.

Waliokuwa karibu walidhani ni kionjo kipya cha utani, wakacheka. Profesa alimsogezea tena. "Haya, chukua mbili."

"Sipokei, Profesa. Wala moja, wala sahani nzima."

Hapo ukimya ulianza mbele ukaenda nyuma. Tangu enzi za Kabwogi hakuna mtani aliyewahi kukataa. Mtani akikataa malipo amevunja utani, na akivunja utani, kilichotoka mdomoni mwake si dhihaka tena.

Profesa Mwanahawa alirudisha kashata kwenye sahani. "Dokta Lubinza. Unatania?"

"Sitanii. Msikiwashe."

"Unajua unachosema? Unajua ni nani wanaongoja kule hospitali?"

"Ninawajua kwa majina. Dada yangu anakaa nao."

"Basi una ushahidi gani? Vyuma wamesema ukuta ni mzima, nimewasikia sasa hivi."

Ng'wasi alimtazama Chesko, na watu wote wakamtazama Chesko. Yule bwana alikuwa amekonda kwa siku mbili. Angeweza kusema kipande si ukuta. Angeweza kusema uwezekano ni mdogo, na asingekuwa amedanganya.

"Shahidi tulimkata juzi," Chesko alisema kwa sauti ndogo. "Nilikata mwenyewe. Amevunjika kama biskuti, Profesa. Nilijua, na leo nikamwacha kijana wangu aseme ni mzima." Akainua macho kutoka sakafuni. "Alilolisema Ng'wasi ni kweli. Alilisema mwezi uliopita pia, nikamwambia akanywe uji."

Hakuna aliyecheka. Profesa Mwanahawa alivua miwani ya machoni, akabaki na ile ya kichwani ambayo haikumsaidia kitu. Kisha akachomoa ufunguo wa kuwashia kwenye meza ya uongozaji, akauweka mfukoni, na akaamuru ukumbi wa chini uondolewe watu.

*

Kabula alikuwa amewahi hospitali kupimwa damu. Ng'wasi alimvuta hadi nyuma ya jengo la maabara, penye kivuli cha matangi ya maji, akamwambia yote bila kupumzika, kwa kuogopa kwamba akipumzika hataendelea.

Kabula alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo wiki ijayo sipati."

"Hupati, dada."

"Na baada ya hapo?"

"Sijui. Tutaomba za nje. Foleni yao ni ndefu, na hawatampa kila mtu."

"Ungeweza kuniacha nipate hii moja."

"Ningeweza."

"Basi mbona hukuniacha?" Sauti ya Kabula ilipasuka. "Mimi nimekulea, Ng'wasi! Nimekubeba mgongoni nikienda shambani! Moja tu!"

Ng'wasi alisema kwamba kuna vijana wanafanya kazi chini ya ule ukuta, na nao wana dada zao. Alisema kwamba alitaka kunyamaza, alitaka sana, na kwamba kama angeipokea ile kashata asingeweza kumtazama usoni wakivuna mpunga. Kisha akalia, mtu mzima na udaktari wake, kamasi zikamtoka. Kabula alimwacha alie. Naye alikuwa analia, kwa hasira, akitazama pembeni. Baadaye alifungua pindo la khanga yake, akamfuta mdogo wake pua kwa nguvu, jinsi anavyofutwa mtoto mkaidi.

"Na wenzangu?" aliuliza.

"Hospitali itatoa tangazo."

"Tangazo." Kabula alilirudia neno hilo kana kwamba ni lile furushi la karanga zenye ukungu. "Nadine asome ukutani kwamba dawa hakuna? Ameacha mtoto mchanga, asome ukutani?"

"Dada, mimi si daktari wao."

"Ni wewe uliyekizuia kinu au ni huo ukuta wa matangazo?" Akajifunga khanga upya, akakaza fundo. "Twende."

Veranda ilikuwa na jua. Watu wa benchi walikuwa wamekaa kwa mpangilio wao wa kila siku, na walipomwona Kabula walisogea kumpa nafasi. Mwalimu Ntahondi, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, alimtambua Ng'wasi kwa masimulizi.

"Huyu ndiye yule wa kusikiliza matumbo ya masufuria! Karibu, daktari. Leo limesemaje?"

Nadine alicheka kwa kuziba mdomo. Wengine wakamngojea aseme kichekesho.

Ng'wasi alisimama mbele yao. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu miguu yake ilitulia, na akagundua kwamba utulivu nao unauma.

"Ninaitwa Ng'wasi Lubinza," alisema. "Dawa ya wiki ijayo haitakuwepo. Mimi ndiye niliyezuia kinu kisiwashwe."

Hakuna aliyecheka. Nadine alishusha mkono wake polepole, akauweka kifuani. Mwalimu Ntahondi alimtazama Kabula, akaona macho yake mekundu, akaelewa kwamba Kabula naye amekosa dawa. Aliinua mkoba wake kutoka kwenye benchi, akauweka chini.

"Kaa hapa," alimwambia Ng'wasi. "Utueleze yote, usiruke kitu."